Vipandikizi vya Dhakari na Mahesabu ya Kompyuta: Maelezo ya Kitabibu na Hukumu Zake

Himdi zote anastahiki Allah (S.W.T.). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Swahaba zake. Ama baad.

Katika masuala yanayoletwa kwetu na ndugu zetu wa Unguja na Pemba, yapo ambayo muulizaji huanza kwa kuinamisha kichwa. Hili ni moja lao. Walitujia mume na mke, watu wazima wenye watoto. Mume ana kisukari cha miaka mingi, na kwa muda sasa hawezi tendo la ndoa. Vidonge ametumia, havikumfaa. Alipokwenda kutibiwa nje ya nchi alielezwa kuwa kipo kifaa kinachotiwa ndani ya dhakari kwa upasuaji, akaoneshwa na picha ya rangi kwenye kompyuta namna kifaa hicho kitakavyokaa mwilini. Akarudi nyumbani na neno moja: "Kompyuta imeshahesabu." Mkewe naye alikuwa na neno lake: "Na hesabu ikikosea, atarudi kama alivyokuwa?" Wakati huo shamba la mikarafuu lilikuwa limeshatafutiwa mnunuzi.

Tumeona tulijibu suala hili kwa urefu, kwani wenye shida hii si wachache na wengi wao hawaulizi. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kianswari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Nasi tunaandika kwa mwendo huo huo, kwa adabu na kwa uwazi.

Jibu kwa ufupi

Kipandikizi hiki ni tiba, na kinajuzu kwa masharti tutakayoyataja. Mahesabu ya kompyuta ni msaada kwa mhandisi na daktari, na kuyatumia kunajuzu, kwani yanapunguza madhara. Lakini mahesabu hayo ni dhana yenye nguvu, hayafikii yakini. Mwenye kukubali kupasuliwa akidhani amepewa dhamana hakufahamishwa, na ruhusa yake ina kasoro. Kuhusu suala la mke, jibu ni kwamba baada ya upasuaji huu mtu harudi kama alivyokuwa. Hilo lazima lisemwe kabla ya shamba kuuzwa.

Kifaa chenyewe

Wengi wetu tunalijua neno vipandikizi kwa vile vya uzazi wa mpango vinavyowekwa mkononi. Hiki ni kitu kingine kabisa, nacho kina aina mbili kubwa.

Ya kwanza ni vijiti viwili vya silikoni vyenye waya wa chuma ndani, ambavyo mtu huvikunja chini au kuvinyanyua kwa mkono. Ni rahisi na haviharibiki haraka, lakini dhakari hubaki ngumu wakati wote.

Ya pili ni ya kujazwa maji. Silinda mbili hutiwa ndani ya dhakari, pampu ndogo huwekwa kwenye mfuko wa korodani, na kifuko cha maji ya chumvi huwekwa chini ya tumbo. Mtu akiiminya pampu, maji huhama kutoka kwenye kifuko kwenda kwenye silinda na dhakari husimama. Akifungua kwa kubonyeza, maji hurudi. Vyote vimo ndani ya mwili, havionekani kwa nje. Aina hii ilitangazwa na daktari wa Kimarekani F. Brantley Scott pamoja na wenzake mwaka 1973, na tangu hapo imekuwa ikirekebishwa.

Kifaa hiki hakileti hamu, hakitengenezi mbegu, wala hakirefushi dhakari. Wapo wanaoiona fupi kidogo kuliko walivyoizoea zamani. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kuipa dhakari ugumu wa kutosha kwa tendo la ndoa.

Madaktari hukifikia baada ya njia nyepesi kushindwa, yaani vidonge, sindano na pampu ya nje ya kuvuta hewa. Wanaokihitaji ni kama wagonjwa wa kisukari, waliotolewa tezi dume kwa sababu ya saratani, wenye kovu linaloipinda dhakari, na baadhi ya vijana wenye ugonjwa wa seli mundu. Hawa wa mwisho huenda dhakari ikasimama kwa saa nyingi kwa maumivu bila ya matamanio, na wakichelewa kutibiwa, nyama ya ndani hugeuka kovu. Kwa hivyo mzazi mwenye mtoto wa kiume mwenye seli mundu ajue kwamba hali hiyo ni ya dharura. Mtoto apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asiachwe hadi asubuhi kwa kuona aibu.

Mwili ulivyoumbwa

Ili tufahamu kompyuta inahesabu nini, hatuna budi kuutazama mwili kwanza.

Ndani ya dhakari zimo nguzo mbili za nyama laini, iliyojaa matundu mithili ya sifongo. Chini yake umo mrija wa mkojo, nao umezungukwa na nyama yake. Zile nguzo mbili zimevikwa ala nyeupe, ngumu, iliyofumwa kwa nyuzi za kolajeni na elastini. Damu inapoingia, sifongo hujaa, ala hunyooka mpaka mwisho wake, na mishipa inayoitoa damu hubanwa. Presha ya ndani hupanda mpaka kukaribia presha ya juu ya damu ya mtu, kiasi cha milimita 100 za zebaki, na hupita hapo misuli ya chini inapobana.

Ala hiyo ndiyo yenye siri kubwa. Ina matabaka mawili, na nyuzi za tabaka la ndani zinazunguka kama pete za pipa, ilhali za tabaka la nje zinakwenda kwa urefu. Anayejua kusuka mkeka anajua kuwa ukili ukikatizana ndipo mkeka unapopata nguvu. Tena nyuzi hizi hazivutiki kwa namna moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanzo hulegea na kufuata, kisha ghafla hukaza, kama kamba ya nazi iliyokuwa imelala ikavutwa na chombo. Na kwa upande wa chini, pale unapopita mrija wa mkojo, tabaka la nje halipo. Hapo ala ni dhaifu zaidi, na ndipo kipandikizi kinapopata njia ya kutoboa kikilazimishwa. Allah (S.W.T.) ameumba kila kitu kwa kipimo, na mwenye kutia kitu cha kigeni mahali hapo yampasa akijue kipimo hicho.

Kompyuta inafanya nini

Elimu inayopima nguvu, mkazo na mwendo wa viungo huitwa biomekanika. Njia yake kubwa katika kompyuta ilitokana na kazi ya wahandisi wa ndege wa Marekani katika miaka ya 1950, na mmoja wao, Ray Clough, aliipa jina lake mwaka 1960. Walikuwa na bawa lenye umbo gumu kulihesabu kwa mkono. Wakaligawa katika vipande vidogo vidogo vilivyoungana, kama macho ya wavu. Kipande kimoja ni rahisi kukihesabu. Kompyuta ikavihesabu vyote kwa pamoja, mkazo wa kila kipande ukijulikana kwa majirani zake.

Kwa mwili mambo ni hayo hayo. Picha za MRI au vipimo vya maiti hutoa umbo. Umbo hugawanywa katika vipande maelfu kwa maelfu, na kila aina ya tishu hupewa tabia yake: ala ni ngumu na ina uelekeo wa nyuzi, sifongo ni laini, ngozi inavutika. Kisha kifaa hutiwa ndani ya modeli hiyo, silinda hujazwa, dhakari hubanwa na kupindwa, yote kwenye skrini. Rangi wanazooneshwa wagonjwa ni alama za mkazo tu. Kwa kawaida nyekundu ni mahali palipobanwa sana, na buluu ni mahali palipo salama.

Miongoni mwa waliotangulia katika kazi hii ni watafiti wa Boston, Marekani, akiwemo mhandisi Daniel Udelson na daktari Irwin Goldstein. Mwaka 1998 walichapisha mahesabu ya dhakari kama nguzo inayobebeshwa mzigo. Walionesha kuwa presha peke yake haitoshi kueleza ugumu, bali umbo la kiungo na tabia ya tishu zake nazo zina sehemu yake.

Kuna kanuni mbili zinazofaa kueleweka na kila mtu. Ya kwanza ni ya nguzo. Mlingoti mrefu na mwembamba hupinda upesi kuliko mfupi na mnene. Urefu ukizidishwa mara mbili na mengine yakabaki vile vile, mzigo unaoweza kuibeba nguzo bila kupinda hupungua ukawa robo tu. Ya pili ni ya ukuta wa mrija uliojazwa. Kipenyo kikizidi mara mbili, na presha na unene wa ukuta vikibaki vile vile, mkazo kwenye ukuta nao huzidi mara mbili. Maana yake ni kwamba mwenye kumng'ang'ania daktari amtilie kifaa kirefu zaidi au kinene zaidi anaongeza hatari kwa mkono wake. Silinda ndefu kupita kiasi hukunjika ndani na kuusukuma ukuta mpaka kuutoboa. Silinda fupi nayo huacha kichwa cha dhakari kikining'inia. Kinachotakiwa ni kipimo chake kamili, na hicho hupimwa na daktari ndani ya chumba cha upasuaji, kwa sentimita, katika mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Modeli za kompyuta basi zinamsaidia mtengenezaji kujua ncha ya silinda iwe na umbo gani isije ikakidhuru kichwa cha dhakari, ukuta wa silinda uwe na matabaka gani, na wapi kifaa kitakunjika kila siku hadi kichoke. Kazi inayokaribiana na hii imefanywa katika Chuo Kikuu cha Padova, Italia, juu ya kifaa cha kuubana mrija wa mkojo kwa watu wasioweza kuzuia haja ndogo, ambacho Scott tuliyemtaja naye alikuwa katika waanzilishi wake. Huko walipima mirija ya mkojo ya farasi, wakaingiza vipimo hivyo katika kompyuta ili wajue mrija ubanwe kwa kiasi gani ufungike bila kuumia.

Kompyuta isichokijua

Hapa ndipo tunapomtaka msomaji asimame.

Kwanza, modeli hujengwa juu ya tishu za watu au wanyama waliopimwa, na mgonjwa wetu si mmoja wao. Kisukari cha muda mrefu hubadilisha nyama ya sifongo na nyuzi zake, uzee hubadilisha, kovu hubadilisha. Modeli iliyojengwa kwa tishu nzima ikitumiwa kwa mtu mwenye kovu, jibu lake litatoka safi kwenye skrini na huenda likawa mbali na hali yake.

Pili, mwili uko hai. Baada ya upasuaji hujenga utando wa kovu kukizunguka kifaa, na tishu huendelea kubadilika kwa miezi na miaka.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kompyuta ya namna hii inahesabu nguvu, haihesabu vijidudu. Madhara yanayoogopwa zaidi na madaktari ni maambukizi. Bakteria wakishika kifaa, mara nyingi hapana budi kukitoa chote. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake haijatulia yuko katika hatari zaidi. Ndiyo maana vifaa vingine hupakwa dawa ya kuua bakteria, na ndiyo maana daktari muaminifu humrudisha mgonjwa nyumbani mpaka sukari ishuke.

Nne, haiujui mkono wa daktari. Aliyefanya upasuaji huu mara nyingi si sawa na anayeujaribu.

Na tano, kifaa ni kitu kilichotengenezwa na watu. Vingi hudumu miaka, vingine zaidi ya miaka 10, kisha mrija huvuja au pampu hukwama, na upasuaji wa pili huhitajika. Maji yakivuja hayadhuru, kwa kuwa ni maji ya chumvi na mwili huyanywa. Lakini nyama ya sifongo iliyosukumwa pembeni ili silinda ipite hairudi kufanya kazi yake ya asili. Kifaa kikitolewa, mtu kwa kawaida hawezi tena kurudi kwenye vidonge.

Wataalamu wenyewe wanayajua haya. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa mwongozo wa namna ya kupima ni kwa kiasi gani modeli ya kompyuta inaaminika pale mtengenezaji anapoileta kama ushahidi wa usalama wa kifaa chake. Kama mamlaka hayo hayaikubali modeli mpaka ithibitishwe, basi sisi tuna haki zaidi ya kuuliza.

Hukumu ya kipandikizi

Asili ya jambo hili ni hadithi ya Usama bin Sharik (R.A.), iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, ambamo Mtume (S.A.W.) aliwaamuru watu wajitibu, akaeleza kuwa Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Katika hadithi hii umo mlango wa tiba, na umo pia mpaka. Udhaifu unaokuja taratibu kwa umri si lazima uwe ugonjwa, na mtu mzima asijione ana aibu kwa jambo ambalo Mtume (S.A.W.) amelitoa katika hesabu ya maradhi yenye dawa.

Kuhusu kutia kitu cha kutengenezwa mwilini, tunayo hadithi ya Arfaja bin As'ad (R.A.). Pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab zama za ujahiliya, akatengeneza pua ya fedha, ikamtoa harufu. Mtume (S.A.W.) akamuamuru atumie ya dhahabu, ingawa dhahabu imeharamishwa kwa wanaume. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Tizama ilivyokwenda: kitu cha kwanza hakikupatana na mwili, na Mtume (S.A.W.) hakumwambia akae bila pua, bali alimuelekeza kwenye kitu kinachopatana. Kuchagua kitu kisichoudhuru mwili ndiyo kazi yote ya wahandisi hawa, na hadithi hii inaitosha kuwa asili yake.

Wala hili haliingii katika kubadilisha maumbile ya Allah kulikokatazwa, kwa kuwa ni kukirudishia kiungo kazi yake. Anayetaka kuongeza ukubwa ilhali ni mzima ndiye anayeingia katika katazo, na mahesabu ya kompyuta hayamhalalishii.

Lazima pia kutenganisha kipandikizi na kuhamisha kiungo cha mtu mwengine. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha sita Jeddah mwaka 1990, lilikataza kuhamisha korodani na ovari kwa sababu zinabeba sifa za nasaba, na likazitoa pia tupu zenyewe katika viungo vinavyoruhusiwa kuhamishwa. Kipandikizi cha silikoni hakimo katika katazo hilo. Hakikutoka kwa mtu na hakina nasaba.

Masharti yake, kwa tunavyoona, ni haya:

1. Ugonjwa uwe umethibitishwa na daktari, na njia nyepesi zimejaribiwa au haziwezekani.
2. Daktari awe mjuzi na muaminifu. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengine, mwenye kutibu bila kujulikana kwa utabibu ni mdhamini wa madhara anayoyasababisha. Hilo linamgusa anayepasua asichokijua, na linamgusa pia anayeuza mizizi na vidonge visivyo na jina kwa ajili ya nguvu za kiume.
3. Manufaa yawe na uzito kuliko madhara, kwani kanuni ni kutodhuru wala kudhuriana.
4. Mgonjwa aelezwe yote, khasa kwamba hakuna kurudi nyuma.
5. Mali iwe ya halali. Mkopo wa riba haujuzu kwa hili. Nafaka ya mke na watoto hutangulia, na shamba la urithi lenye haki za wengine haliuzwi bila ya ridhaa yao.

Hukumu ya mahesabu yenyewe

Sharia imezijengea hukumu nyingi juu ya dhana yenye nguvu. Aliyepotewa na kibla hujitahidi na kuswali, na mgonjwa huacha funga kwa kauli ya tabibu muaminifu. Basi daktari kutegemea modeli iliyothibitishwa hakuna ubaya. Lakini dhana yenye nguvu haigeuki kuwa yakini kwa kuwa imepakwa rangi, na kumwambia mgonjwa "kompyuta imehakikisha" ni kumpa asichokuwa nacho msemaji.

Kuna heri katika kazi hii pia. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, na kila jaribio linalofanywa kwenye skrini huenda likapunguza majaribio juu ya maiti, wagonjwa na wanyama. Ama tishu za nguruwe zinazotumiwa katika maabara, elimu inayopatikana haiwi najisi kwa sababu yake, ila anayezigusa zikiwa na majimaji ataosha mara saba, moja kwa udongo, kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Shafi. Mwaka 2023 watafiti wa China walitangaza ala ya bandia waliyoijaribu kwa nguruwe. Ala yenyewe ni ya polima, na cha kutazamwa ni kile kinachoingia mwilini mwa mtu.

Jambo moja tunalisisitiza. Picha za MRI za sehemu hizi ni picha za uchi. Daktari anaruhusiwa kuzitazama kwa haja ya tiba. Kuzihifadhi kwa utafiti kunahitaji idhini ya mgonjwa na kuondolewa jina lake. Ni amana, na asiyetaka kutoa idhini hana kosa.

Mas-ala ya ibada

Silikoni na maji ya chumvi si najisi, na swala ya mwenye kipandikizi ni sahihi. Jeraha likiwa bado bichi na maji yakamdhuru, atafuata hukumu za tayammamu na za jeraha lililofungwa.

Josho linamwajibikia yeye na mkewe kwa kuingia kichwa cha dhakari, hata manii yasitoke, kwani dhakari ni yake na kifaa kimo ndani yake.

Pampu iko kwenye mfuko wa korodani. Katika madhehebu ya Shafi, kuugusa mfuko huo hakutengui udhu, lakini kuigusa dhakari yenyewe kwa kiganja kunatengua.

Upasuaji usiokuwa wa haraka ni bora usipangwe Ramadhani. Na mtu akifa, kifaa hakitolewi. Atazikwa nacho kwa heshima ya mwili wake.

Haki ya mke

Mke wa Rifaa, alipoolewa na mume wa pili, alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kueleza udhaifu wa mumewe huyo, na hakukemewa kwa kusema. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Basi asikemewe mwanamke wa leo.

Katika fiqhi yetu, mume asiyeweza kabisa tangu ndoa ilipofungwa, mkewe akishitaki kwa kadhi, hupewa muda wa mwaka mmoja, kama ilivyopokewa kwa Sayyidna Omar (R.A.). Ukipita bila ya mabadiliko, mke ana haki ya kuomba ndoa ivunjwe. Ama aliyewahi kukutana naye katika ndoa hiyo kisha akashindwa, madhehebu ya Shafi hayampi mke haki hiyo kwa sababu hii peke yake, lakini mlango wa suluhu, na wa khului wakikubaliana, uko wazi, na mahakama za kadhi za Zanzibar zipo kwa ajili ya kusikiliza. Mume halazimishwi kupasuliwa, kwani asili ya kujitibu ni sunna. Na mke halazimishwi kufurahi kwa upasuaji ambao hakuulizwa.

Mwenye kipandikizi akitaka kuoa, tunaona ni wajibu wa uaminifu amweleze anayemposa, kwa kuwa kifaa kinaweza kuharibika na hilo linagusa haki yake.

Kwa ndugu zetu wawili

Tuliwashauri warudi kwa daktari wakiwa pamoja, mume na mke, na wamuulize haya: Je, sukari imeshuka kiasi cha kuruhusu upasuaji? Umeshafanya upasuaji huu mara ngapi? Modeli uliyotuonesha imejengwa kwa vipimo vya nani, na wamo wagonjwa wa kisukari? Maambukizi yakitokea, nani atakitoa kifaa, wapi, na kwa gharama ya nani? Tukisharudi visiwani, nani ataangalia jeraha katika zile wiki nne hadi sita za kujizuia na tendo la ndoa?

Mume alituuliza kama tunamkataza. Tukamwambia hapana, tunamkataza kuuza shamba kabla ya majibu. Mke hakusema kitu mpaka walipofika mlangoni, akageuka akasema: "Shekhe, hayo ya pamoja ndiyo niliyokuwa nikiyataka."

Allah (S.W.T.) amewafanya mume na mke kuwa vazi, kila mmoja kwa mwenzake. Tunamuomba awape shifaa wagonjwa wetu, awape subira wenye kusubiri, na awajaalie ikhlasi na uangalifu madaktari na wahandisi wanaolishughulikia jambo hili.

Wallahu a'lam.